Nyama ya pua iliyotupwa kwenye ndoo: uchambuzi wa kisa cha melanoma ya puani

Mgonjwa wetu tumwite Bi. K. Jina lake, mji, hospitali alizopitia na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, naye ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo niliyemshika tangu alipofika kwetu kwa rufaa, kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

## Usuli

Bi. K ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa pwani. Jioni hukaanga samaki wa kuuza, ameketi mbele ya karai, kuni za mvinje zikifuka usoni mwake. Hajawahi kuvuta sigara. Alikuwa na presha ya miaka minne aliyoitibu kwa kusuasua, kama wengi wetu.

Tatizo lilianza kwa damu kidogo tundu la kulia la pua, asubuhi, anapopenga. Duka la dawa walimpa matone. Baada ya mwezi kamasi likaanza kutoka na madoadoa meusi. Yeye mwenyewe akasema ni masizi, na ungemwona kazini ungesema hivyo hivyo. Zahanati walimpima presha, wakaikuta juu, wakamwongezea dawa na kumwambia damu ya pua ni ya presha. Yote mawili yalikuwa na mantiki. Ila moshi huingia matundu yote mawili ya pua, na presha haichagui upande. Damu na weusi vilitoka tundu moja tu kwa miezi mitano, na hakuna aliyemuuliza upande gani.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu ugonjwa. Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili. Wengi tumefundishwa kwamba ni maradhi ya Wazungu waliokaa juani, na melanoma ya ngozi ya uso kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyo. Hata ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua linawaunguza kwelikweli, saratani inayowasumbua zaidi kichwani na shingoni ni ya seli bapa, si melanoma. Lakini seli za rangi zimo pia kwenye utando wa ndani wa pua, mdomo, njia ya haja kubwa na uke, mahali ambapo jua halifiki. Melanoma ya utando ni takriban 1 kati ya 100 ya melanoma zote, na karibu nusu yake hutokea kichwani na shingoni, hasa puani. Kwa mtu mweusi, ukikutana na melanoma juu ya shingo, fikiria utando kabla ya ngozi.

## Mfuatano wa mambo

Mwezi wa tano tangu tone la kwanza la damu, pua ya kulia iliziba kabisa. Kituo kimoja cha afya kilimulika, kikaona "nyama ya pua", kikaitoa kwa ganzi. Bi. K alinisimulia hivi: "Mwanangu, waliivuta ikatoka kipande kama kidole gumba. Ilikuwa nyeusi kama ini lililoungulia chungu. Nikauliza hii kitu gani, nikaambiwa ni damu iliyoganda. Wakaitupa kwenye ndoo, naiona." Aliambiwa kupima kinyama kuna gharama yake na kwamba nyama za pua kwa kawaida hazina neno. Hewa ikapita, usingizi ukarudi, akawashukuru.

Nafuu ile ilidumu wiki tisa. Damu ikarudi, safari hii nyingi, na jicho la kulia likawa linatoa machozi muda wote. Shavu likafa ganzi chini ya jicho. Hapo ndipo alipopewa rufaa, mwezi wa nane tangu tone la kwanza.

Kamera ya pua ilionyesha uvimbe wa kijivu uliotanda ukuta wa nje wa tundu la kulia, sehemu nyingine nyeusi ti, sehemu nyingine nyekundu kama nyama ya kawaida, ukichuruzika damu ukiugusa tu. Sikuukata pale kliniki. Tulimpeleka chumba cha upasuaji tukachukua vipande vitatu.

Fomu ya maabara niliijaza mimi. Kwenye mstari wa maelezo ya mgonjwa niliandika maneno matatu: "Uvimbe puani, kulia." Sikuandika kuhusu kamasi jeusi, wala kwamba mara ya kwanza kilitoka kipande cheusi. Vipande nilivyotuma, kwa bahati mbaya, vilitoka zaidi sehemu nyekundu. Majibu ya kwanza yakasema: saratani ya seli ndogo za duara, chanzo hakijulikani. Jibu la namna hiyo puani linaweza kuwa mambo saba tofauti, kuanzia saratani ya tezi za limfu hadi ya mshipa wa kunusa, na kila moja ina tiba yake. Nilipompigia simu daktari wa patholojia na kumweleza kuhusu weusi ule, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Daktari, hilo ungeliandika." Wiki tatu zaidi zilipita tukisubiri rangi maalumu za maabara zinazotambulisha aina ya seli. S100, HMB-45 na Melan-A, zinazoelekeza kwenye melanoma, zilishika; sitokeratini, inayoelekeza kwenye saratani za aina nyingine, haikushika. Melanoma ya utando wa pua.

Siti skani ilionyesha uvimbe umekula ukuta wa mfupa kati ya pua na uwazi wa shavu, lakini haujaingia kwenye jicho wala kugusa sakafu ya ubongo. Ultrasaundi ya shingo na tumbo na siti skani ya kifua vilikuwa safi. Kwa mfumo wa kupanga hatua unaotumika sasa, melanoma ya utando wa kichwa na shingo haina hatua ya kwanza wala ya pili: hesabu ya T, inayoeleza uvimbe wenyewe umefika wapi, inaanzia T3 hata kama uvimbe ni mdogo kama punje ya mtama, kwa sababu tabia yake ni mbaya tangu mwanzo. Mfupa ukishaliwa ni T4a. Ndipo alipokuwa.

## Maamuzi, na sababu zake

Kikao cha saratani kilikuwa na daktari wa mionzi, wa dawa za saratani, wa patholojia, wa picha, na sisi wa upasuaji. Mwanawe wa kiume anayefanya kazi Muscat alisikiliza kwa simu iliyowekwa mezani, na maswali yake yalikuwa bora kuliko yetu kadhaa.

Swali la kwanza lilikuwa tuanze na upasuaji au na dawa. Wakati ule tulichagua upasuaji. Uvimbe ulikuwa bado unatolewa wote, ulikuwa unamwaga damu, na dawa mpya ya kuamsha kinga haikuwepo kabatini. Kamera ingetosha kama tungekuwa na vifaa kamili na uwezo wa kupima kingo za tulichokata papo hapo mgonjwa akiwa mezani. Hatukuwa navyo, basi tukapasua pembeni mwa pua ili tuone vizuri, tukaondoa ukuta wote wa ndani wa uwazi wa shavu. Bi. K aliogopa kovu. Nilimchorea kwa kalamu shavuni mwake mstari utakapopita, nikampa kioo. Akajitazama, akasema, "Wateja wangu wananunua samaki, hawanunui pua."

La pili lilikuwa kama tuzitoe tezi za limfu za shingo. Hatukuzigusa, na hapa naona tulifanya sawa. Kwa melanoma ya ngozi ya kichwa na shingo mambo yamebadilika sana. Zamani tezi zikiwa na shaka zilisafishwa zote. Tangu Donald Morton na wenzake walipoeleza mwaka 1992 jinsi ya kuitafuta tezi ya kwanza kupokea majimaji ya eneo lenye uvimbe, mgonjwa hutolewa tezi hiyo moja au mbili tu, zipimwe. Kisha utafiti mkubwa wa 2017 ukaonyesha kwamba hata tezi hiyo ikikutwa na saratani, kusafisha zilizobaki hakumwongezei mgonjwa uhai; kufuatilia kwa ultrasaundi kunatosha. Usoni hilo ni neema, maana mshipa wa fahamu unaoinua midomo na kufumba jicho hupita katikati ya tezi ya mate, na kisu kikikosea hapo mtu hubaki uso upande. Kwa melanoma ya puani utaratibu wa tezi ya kwanza haujapata mizizi. Shingo ikiwa safi kwenye picha, wengi huiacha, wakaiangalia mara kwa mara.

La tatu, mionzi baada ya upasuaji. Ukingo mmoja wa nyuma wa tulichokata ulikuwa karibu mno na saratani, chini ya milimita mbili. Mionzi hupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi palepale. Haijathibitika kwamba inamzuia mtu asife kwa ugonjwa uliokwisha kutoroka. Tulimwambia hivyo bila kupamba. Alipata Gy 60 (grei, kipimo cha mionzi) kwa vipindi 30. Tulitaka aanze wiki ya sita baada ya upasuaji, akaanza ya kumi, kwa foleni ya mashine.

La nne lilikuwa kupima vinasaba vya uvimbe. BRAF, inayokutwa na hitilafu kwa karibu nusu ya melanoma za ngozi na yenye vidonge vyake, ni adimu puani. KIT hujitokeza zaidi kwenye utando na nyayo, na ikiwa na hitilafu kuna imatinibu, dawa ambayo wagonjwa wetu wa saratani ya damu wanaijua. Sampuli ilibidi isafirishwe nje. Kukitafuta kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta ndani ya stoo ya maabara kulichukua wiki tatu; kilikuwa kwenye boksi la mwezi mwingine. Vyote viwili vikarudi havina hitilafu.

## Ugonjwa uliporudi

Miezi kumi na mmoja baada ya upasuaji pua ilikuwa safi. Shingoni kulia, chini ya taya, kulikuwa na tezi ngumu ya ukubwa wa njugu mawe. Sindano nyembamba ilithibitisha. Kifua kilikuwa na vidoa viwili, kimoja milimita tisa, kingine kumi na mbili.

Miaka ishirini iliyopita maongezi yangekuwa mafupi. Dawa ilikuwa dakabazini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1975, inayopunguza uvimbe kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya kumi, tena kwa muda mfupi. Wenye melanoma ya puani waliofika miaka 5 walikuwa chini ya theluthi. Mlango ulifunguka 2011 kwa ipilimumabu, kisha 2014 kwa pembrolizumabu na nivolumabu. Hizi haziui saratani zenyewe. Zinaondoa breki ambayo saratani imeikanyaga kwenye askari wa mwili, na waliogundua kwamba kuziondoa breki hizo kunaweza kutibu saratani, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2018. Utafiti uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 10, ukachapishwa 2024, ulikuta 43 kati ya 100 waliopata nivolumabu pamoja na ipilimumabu bado wako hai. Hao walikuwa na melanoma iliyosambaa au isiyoweza kukatwa. Nakumbuka nikiwa mwanafunzi tukiambiwa melanoma iliyofika mapafuni ihesabiwe kwa miezi.

Lakini namba hizo zimetawaliwa na melanoma ya ngozi. Kwa melanoma ya utando, uchambuzi wa 2017 uliojumlisha tafiti kadhaa ulionyesha uvimbe kupungua kwa wagonjwa 23 kati ya 100 kwa nivolumabu pekee, na 37 kwa mchanganyiko. Madhara makali yalikuwa kwa 8 kati ya 100 kwa dawa moja, 40 kwa mchanganyiko. Tulipomwekea Bi. K namba hizo, daktari wa dawa za saratani alitaka mchanganyiko. Mimi nilipinga. Bi. K anakaa saa nne za barabara kutoka kwetu, na utumbo ukiwaka moto usiku wa manane kwa dawa hizi, anayempokea wa kwanza ni zahanati itakayompa dawa ya kuhara. Tukakubaliana pembrolizumabu peke yake.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza nivolumabu na pembrolizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 kwa ajili ya melanoma iliyosambaa. Kuwa kwenye orodha na kuwa dukani ni mambo mawili. Bima yake haikugharamia. Mwanawe na dada zake walichangishana. Na hapa kuna jambo dogo ambalo ningependa kila mtu alishike: dozi inayoandikwa siku hizi ni miligramu 200 kila wiki tatu kwa kila mtu, mnene kwa mwembamba. Dozi ya awali iliyoidhinishwa ilikuwa miligramu 2 kwa kila kilo. Bi. K ana kilo 51. Chupa moja ya miligramu 100 ilimtosha, na gharama ikakatika nusu kwa hesabu inayofanyika nyuma ya bahasha.

Baada ya dozi ya nne alianza kuchoka, kusinzia mchana na kuvimba macho. Zahanati ya jirani ilimpima malaria, haikuonekana, wakampa dawa ya malaria. Wiki iliyofuata haikuonekana tena, wakampa tena. Bintiye ndiye aliyekumbuka kadi ya njano tuliyompa, yenye mstari mmoja kwa herufi kubwa: MGONJWA HUYU ANATUMIA DAWA YA KUAMSHA KINGA, PIGA NAMBA HII KABLA YA KUMTIBU. Akapiga. Tezi ya thairoidi ilikuwa imezimika, jambo linalompata takriban mmoja kati ya kumi wanaotumia dawa hii. Kidonge kimoja cha levothairoksini kila asubuhi, na baada ya mwezi akarudi kwenye karai lake.

Siti skani ya wiki ya kumi na mbili ilitutia kiwewe: vidoa vya mapafuni viko vilevile, tezi ya shingo imekua. Tuache au tuendelee? Kwa dawa hizi uvimbe huweza kuvimba kwanza kwa sababu askari wameuvamia, lakini hutokea kwa wachache, na daktari anayependa kutumaini anaweza kumwita kila aliyezidiwa kuwa mmoja wao. Tuliendelea kwa sababu tatu zilizoonekana kwa macho: uzito haukushuka, anakula, na mapafu hayakusogea. Wiki ya ishirini na nne kidoa kimoja kilikuwa kimefutika, kingine kimebaki nusu, na tezi imesinyaa hadi kuonekana kwa ultrasaundi tu.

## Hali ilivyo

Alipata dozi tisa. Hakuacha kwa ushauri wetu. Fedha ziliisha. Sasa ni miezi ishirini tangu dozi ya kwanza, na picha ya mwisho haijaonyesha kipya. Simwiti aliyepona. Asubuhi husafisha pua kwa maji ya chumvi ili kutoa magaga. Hasikii harufu tena, na kwa muuza samaki hilo si dogo: mjukuu wake wa miaka kumi ndiye anayewanusa samaki sokoni kabla hajalipa.

## Uchambuzi

Dawa ilifanya kazi yake. Kadi ya njano nayo, iliyotugharimu karatasi, ilimwokoa mahali ambapo madaktari hatukuwepo. Kutogusa shingo mwanzoni hakukumdhuru. Tezi iliyokuja baadaye tuliiona ikiwa ndogo kwa sababu tulikuwa tunaitafuta kila miezi mitatu.

Nikiirudia safari nzima, miezi minane ya mwanzo ndiyo inayoniuma. Zahanati na kituo cha afya walikosea makosa ambayo ningeyafanya mimi kama ningekuwa na foleni yao, isipokuwa moja: kipande kilichokatwa mwilini mwa mtu kikaishia ndooni. Nyama za pua za kawaida, zile zitokanazo na mzio, mara nyingi huwa pande zote mbili, zimepauka kama zabibu iliyomenywa, wala hazitoi damu ovyo. Iliyo upande mmoja, inayovuja damu, yenye rangi, kwa mtu aliyevuka miaka arobaini, haina ruhusa ya kutupwa. Kilichohitajika ni chupa na fomalini mara kumi ya ujazo wa kipande.

Fomu yangu ya maneno matatu ilikula wiki tatu. Ningeandika "kamasi jeusi", rangi maalumu zingeagizwa siku ya kwanza. Sina utetezi. Vilevile nilipaswa kuchukua kipande kutoka sehemu nyeusi na nyekundu, nikaviweka chupa tofauti.

Kuhusu kuanza na upasuaji, leo nisingekuwa na uhakika uleule. Tafiti mbili, ya 2023 na ya 2024, zimetikisa utaratibu kwa melanoma zenye tezi zinazoshikika. Ya kwanza iliwapa wagonjwa dozi tatu za pembrolizumabu kabla ya kisu badala ya zote baada yake; baada ya miaka miwili, 72 kati ya 100 walikuwa bila tukio baya, dhidi ya 49. Ya pili ilitumia dozi mbili za mchanganyiko kabla ya upasuaji, na baada ya mwaka ikawa takriban 84 dhidi ya 57. Maelezo yake yanaingia akilini: uvimbe ukiwa bado mwilini, askari wanapata kuusoma sura, ukishautoa, wanatafuta adui wasiyemjua. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na melanoma ya ngozi, na uvimbe unaomwaga damu puani hauna subira ya wiki tisa. Bado ningeliweka swali mezani, jambo ambalo kikao chetu hakikulifanya hata kwa dakika moja.

Kuchelewa kwa mionzi sijui kulibadilisha nini. Pua haikurudisha ugonjwa. Uamuzi wa dawa moja badala ya mbili nautetea kwa mgonjwa huyu na barabara ile. Angekuwa anakaa mtaa wa pili kutoka hospitali, ningekaa kimya kikaoni.

Baada ya kisa hiki tulipeleka chupa arobaini zenye fomalini kwenye vituo sita vinavyotuletea rufaa, kila moja na lebo yenye nafasi ya kuandika upande, rangi na kama inavuja damu. Miezi minne baadaye nilipita kwenye kimojawapo. Chupa saba zilikuwa zimetumika, na moja ilikuwa juu ya meza ya muuguzi, imeoshwa, ina kalamu ndani.